Nyumba Ilirudi, Jiwe Likabaki

Novemba 1947 binti wa mfalme wa Uingereza aliolewa, na huku Afrika Mashariki tukachangishwa. Koloni la Kenya lilitoa nyumba: Sagana Lodge, upande wa Kiganjo karibu na Nyeri, chini ya Mlima Kenya. Tanganyika nayo ikatoa jiwe. Lilikuwa almasi ghafi ya karati 54.5, karibu gramu 11, kitu unachoweza kukifumbata kiganjani na mtu asijue. Na haikuwa nyeupe. Ilikuwa ya rangi ya waridi, au pinki kama tunavyosema mtaani.

Nyumba tunajua ilikoishia. Elizabeth na mumewe walifikia Sagana Februari 1952, wakalala usiku mmoja Treetops wakitazama wanyama, na walipokuwa wamerudi Sagana tarehe 6 akaambiwa babake amefariki. Aliondoka Kenya akiwa malkia. Hiyo hadithi tumelishwa tangu shule ya msingi, watalii nao bado wanalipia kuisikia. Kisichosimuliwa sana ni kwamba uhuru ulipokuja nyumba ilirudishwa kwa serikali ya Kenya. Leo ni Sagana State Lodge, marais hulala huko wakizuru Mlima Kenya. Jiwe la Tanganyika halikurudi, na sijawahi kusikia mtu akiuliza kwa sauti.

Mimi nauliza kwa sababu ya kazi. Nachora vito. Niko kwenye karakana ndogo hapa Nairobi, masonara wawili na mimi, kompyuta moja na meza iliyojaa vumbi la nta. Watu huja na picha kwenye simu: nataka hii, lakini kwa bei yangu. Asilimia kubwa wanataka almasi nyeupe, au kitu kinachofanana nayo. Juzi akaja kijana mmoja, mtu wa programu za kompyuta, na jiwe lake mwenyewe ndani ya karatasi iliyokunjwa vile wauza vito hukunja. Karati 0.21, dogo kuliko dengu. Nikaliweka chini ya lenzi. Pinki, hafifu lakini ya kweli. Alikuwa amelinunua kupitia kwa dalali, akalilipia kwa miezi kadhaa, na sasa alitaka pete ya uchumba ijengwe kulizunguka.

Halafu akauliza swali ambalo wateja wangu hawaulizi. "Boss, hii imetoka wapi?"

Nikamwonyesha cheti. Mahali pa asili pameandikwa kwamba ni ya asili.

"Asili ya wapi?"

Hapo ndipo cheti kinanyamaza. Hilo neno, kwenye karatasi za maabara, halina maana ya nchi. Maana yake ni kwamba rangi ililetwa na ardhi yenyewe, haikutiwa na mashine. Nyanyake kijana huyu alizaliwa Shinyanga, akaolewa huku Kenya, na amekulia akisikia hadithi za Mwadui. Alitaka neno moja tu lichorwe ndani ya pete. Kama ni kweli.

Basi tuanzie Mwadui.

Mgodi ule ulifunguliwa na mtu mmoja, John Thoburn Williamson, Mkanada kutoka Quebec, mwanajiolojia aliyesomea Chuo Kikuu cha McGill. Alikuwa amefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini kabla ya kuingia Tanganyika, ambako almasi zilikwisha kuonekana, pale Mabuki kwa mfano, lakini si kwa wingi wa kumtajirisha mtu. Williamson alizunguka Usukuma miaka kadhaa, homa na madeni juu yake. Aliyemtoa kwenye madeni ni wakili wa Mwanza, Mhindi aitwaye I. C. Chopra, ambaye alimpa pesa na kwa hiyo akawa na hisa katika kilichopatikana. Machi 1940 kikapatikana. Husimuliwa kwamba ilikuwa chini ya mbuyu. Mibuyu Shinyanga haikosi, kwa hiyo sishangai. Chini ya ule udongo kulikuwa na mwamba wa kimbalaiti, ile mishipa ya volkano ya kale inayopandisha almasi kutoka chini sana ya ardhi, na huu wa Mwadui una ukubwa wa hekta 146 hivi. Ni miongoni mwa mikubwa kabisa iliyowahi kuchimbwa duniani.

Williamson hakuoa. Alijenga mji pale, wenye nyumba, hospitali, uwanja wa ndege na uzio. Akagombana na De Beers waliotaka almasi zote za dunia zipitie kwenye soko lao, akawagomea kwa muda, kisha akafikia makubaliano nao. Alifariki Januari 1958 akiwa na miaka 50 tu, na mwaka huohuo mgodi ukauzwa, nusu kwa De Beers na nusu kwa serikali ya Tanganyika. Watu wa mpira watajua jina hili kwa njia nyingine: Mwadui FC, ambao walicheza Ligi Kuu ya Tanzania hadi 2021 waliposhuka daraja.

Lakini 1947 Williamson alikuwa bado anapanda. Oktoba, wiki chache kabla ya harusi ya London, jiwe la waridi likatoka. Akalitoa zawadi.

Hebu tusimame hapo kidogo. Katika maelezo ya zawadi hii ambayo nimeyasoma kwa miaka ya kazi yangu, majina ni yaleyale: Williamson, Elizabeth, wakataji wa London, Cartier. Mkono uliolichukua jiwe kutoka kwenye kokoto haupo. Kwenye mgodi wenye uzio, Msukuma aliyeajiriwa kupembua hakuwa na ruhusa ya kutoka na hata kichembe. Angekutwa na jiwe mfukoni angeitwa mwizi. Bwana mwenye mgodi, yeye alilituma ng'ambo likaitwa zawadi. Sisemi Williamson alivunja sheria. Sheria ilikuwa yake na ya wenzake. Tanganyika ya wakati huo ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Uingereza kwa niaba ya watu wake, na ndiyo maana neno zawadi linanikwama kooni.

Mwaka huohuo wa 1947, kule Marekani, mwandishi wa matangazo aitwaye Frances Gerety aliwaandikia De Beers ile kauli kwamba almasi ni ya milele. Gerety mwenyewe hakuwahi kuolewa. Ni kauli iliyotufanya sote, mpaka Nairobi ya leo, tuamini kwamba pete ya uchumba bila almasi nyeupe ni pete nusu. Kumbe Elizabeth mwenyewe pete yake ya uchumba haikununuliwa dukani. Philip alichukua almasi kutoka kwenye taji la mamake, akakaa na sonara wa London, Philip Antrobus, wakachora pamoja. Pete ya kuagiza, kama ya kijana wangu. Mawe ya nyumbani, mchoro wa bwana harusi.

Jiwe la Mwadui lilipelekwa kwa wakataji Briefel na Lemer, London. Mwaka wa 1948 Elizabeth na nyanyake, Malkia Mary, walikwenda kwenye karakana hiyo kutazama kazi. Kutoka karati 54.5 likatoka jiwe la mviringo la karati 23.6. Zaidi ya nusu ilisagika kuwa unga au ikabaki vipande. Hiyo ni kawaida, msishtuke. Almasi hukatwa kwa kupotezwa. Swali ni unapoteza ili upate nini.

Hapa niruhusu nijigambe na ufundi kidogo. Almasi nyeupe hukatwa ili itupe mwanga nje haraka, imetemete. Almasi ya rangi inataka kinyume chake. Unataka mwanga uingie, uzungukezunguke mle ndani, unywe rangi, ndipo utoke. Kwa hiyo leo jiwe la pinki mara nyingi hukatwa kwa umbo la mto wa kulalia, pembe zimelainishwa, au la mstatili wenye nyuso nyingi. Umbo la mviringo lina sifa ya kumeta, lakini rangi huionyesha kwa ubahili. Wakataji wa 1948 walichagua mviringo. Nadhani waliliona kwanza kama almasi, kisha kama pinki. Mimi ningeanza upande wa pili, ingawa ni rahisi kusema hivyo nikiwa nimekaa Nairobi na kikombe cha chai, bila Malkia Mary kunichungulia begani.

Na kwa nini ni pinki? Hapa ndipo penye utamu. Almasi ya manjano ina naitrojeni ndani yake. Ya buluu ina boroni. Ya kijani mara nyingi imepigwa na mionzi ardhini. Ya waridi haina kiungo chochote cha ziada kinachoipa rangi: ni kaboni ileile, ila ilibanwa na kupindwa kule chini mpaka safu zake zikateleza, na mwanga ukipita humo hutoka umebadilika. Yaani rangi ile ni alama ya kuumia. Nimemwambia hivyo kijana wangu akacheka, akasema hilo asimwambie bibi harusi.

Miaka minne hivi jiwe lilikaa bila kuvalishwa. Ndipo Frederick Mew wa Cartier, London, akachora ua la Ulaya, jamii ya nargisi, na 1953, mwaka wa kutawazwa kwa malkia, likawa bruchi, ile pini kubwa ya kubana kifuani kwenye nguo. Jiwe la Mwadui ndilo kitovu cha ua. Petali tano, shina na majani vimejaa almasi nyeupe, takribani 200, zilizopangwa juu ya platinamu. Alilivaa mara nyingi. Kwenye harusi ya mwanawe Charles na Diana, 1981, lilikuwa pale kifuani, na ulimwengu mzima ukitazama televisheni.

Kama mchoraji nalipenda. Lazima niseme. Mew alijua jambo ambalo wateja wangu wanalikataa kila wiki: jiwe la rangi likizungukwa na weupe hujiona lenyewe, halihitaji kelele nyingine. Shina limepindwa kidogo kama ua lililochumwa sasa hivi, halijanyooka kama fimbo ya askari. Kazi ni safi. Kinachonishinda ni kwamba jiwe lilitoka penye mibuyu na pamba, likafanywa ua la bustani ya Kiingereza, na mtu akilitazama leo hakuna kinachomwambia kwamba limewahi kuona jua la Shinyanga. Jina la Williamson ndilo limebaki juu yake. Mchoro unaweza kukumbuka, unaweza pia kusahaulisha. Huu ulisahaulisha kwa ustadi.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Sijui wangesemaje juu ya kidole kilicholiokota jiwe.

Sasa mambo ya juzi. Septemba 8, 2022, Elizabeth alifariki. Afrika Kusini watu wakaanza kudai Cullinan, almasi ya karati 3,106 iliyopatikana kule 1905 na ambayo vipande vyake vikubwa viko kwenye fimbo na taji la kifalme. Ya Mwadui haikutajwa sana. Haimo katika hesabu ya vito vya taji la dola. Ilihesabiwa kuwa mali yake binafsi, kama vile wewe ulivyo na saa yako. Ukitaka kudai cha taji unaidai dola. Ukitaka kudai cha mtu binafsi unamdai nani, na kwa sheria ipi?

Mwezi mmoja baadaye, Oktoba 7, Sotheby's waliuza Hong Kong almasi nyingine ya waridi, karati 11.15, umbo la mto, rangi ya ngazi ya juu kabisa. Ilikatwa kutoka jiwe ghafi la karati 32.32. Jina lake Williamson Pink Star. Ndiyo, Mwadui tena. Ghafi iliuzwa 2021 kwa dola milioni 13.8, ilipokatwa ikaenda kwa dola milioni 57.7, zaidi ya dola milioni 5 kwa kila karati, bei ambayo hakuna almasi iliyokuwa imefikia mnadani kwa karati. Kwa pesa zetu za wakati ule ni kama shilingi bilioni 7. Weh. Sehemu ya sababu ni kwamba mgodi wa Argyle, Australia, uliokuwa ukitoa zaidi ya asilimia 90 ya almasi za waridi duniani, ulifungwa Novemba 2020. Bomba likafungwa, matone yakapanda bei.

Tazama hesabu nyingine. Mei 2021 kampuni ya Petra ya Uingereza, iliyokuwa ikiuendesha mgodi tangu 2009, ilitangaza makubaliano ya pauni milioni 4.3 hivi kumaliza madai ya makumi ya watu wa vijiji vya karibu, waliosema walipigwa, wengine kwa risasi, na walinzi walipokutwa ndani ya eneo la mgodi. Ndani ya pesa hizo kulikuwa na gharama za mawakili na miradi ya jamii. Weka kando ya dola milioni 57.7 za jiwe moja. Na Novemba 7, 2022, mwezi mmoja kamili baada ya ule mnada, ukuta wa bwawa la matope ya mgodi ulipasuka, tope likafunika nyumba na mashamba ya majirani.

Serikali ya Tanzania nayo ilishajaribu kukaza kamba. Mgodi ulitaifishwa wakati wa Mwalimu Nyerere, De Beers wakarudi 1994, kisha Petra. Septemba 2017 maofisa walizuia uwanja wa ndege wa Dar es Salaam furushi la karati zaidi ya 71,000 wakisema thamani yake imeandikwa chini ya ilivyo. Huu ndio ugonjwa wa hii biashara: jiwe hutoka likiwa na bei ndogo na jina la kwao, linafika likiwa na bei kubwa na jina la mtu mwingine. Kati ya hapo na pale kuna mchoro. Watu kama mimi.

Ndiyo maana pete ya yule kijana nimeichukulia kwa uzito kuliko bei yake.

Alikuja na picha ya pete yenye mzunguko wa almasi nyeupe, jiwe limenyanyuliwa juu kama mnara. Nikamuuliza bibi harusi hufanya kazi gani. Muuguzi. Glavu zaidi ya mara kumi kwa siku. Basi mnara ulikufa hapo. Jiwe lazima likae chini, lisikwaruze wala kupasua glavu, kwa hiyo hakuna vijino vya kulishika. Linazungushiwa ukingo mwembamba wa dhahabu, kama bakuli. Na hilo bakuli linakuwa la dhahabu nyekundu, ile iliyochanganywa na shaba, kwa sababu jiwe hafifu la pinki hurudisha rangi ya kilicho nyuma yake. Ukiliweka kwenye metali nyeupe litaonekana kama limefifia. Ukilikalisha kwenye wekundu linaamka. Ukanda wenyewe, unaozunguka kidole, nikaufanya wa dhahabu nyeupe, kusudi tofauti ionekane. Almasi mbili ndogo pembeni? Alizitaka. Nilipomwonyesha kwenye kompyuta na bila hizo, akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Toa."

Tukachonga nta. Sonara wetu mkubwa, mzee ambaye ameshika moto tangu kabla sijazaliwa, aliigeuza ile nta mikononi, akasema ukingo bado mnene, akaukwangua kwa kisu chake kiasi ambacho kompyuta isingekiona. Alikuwa sahihi. Kisha plasta, tanuri, nta ikayeyuka ikatoka, dhahabu ikaingia mahali pake.

Wakati huo nilikuwa nimemwandikia dalali. Swali moja: jiwe hili lilichimbwa wapi? Jibu lilikuja baada ya siku nne, la adabu sana. Lilinunuliwa Dubai ndani ya furushi la mawe mchanganyiko, limepita mikono kadhaa, halina ubaya wowote, cheti ni halali. Nikamwomba anitajie aliyemuuzia. Hakujibu tena.

Inawezekana ni la Mwadui. Inawezekana zaidi ni la Argyle, kwa ile asilimia niliyotaja. Nikamweleza mteja yote, nikamwambia naweza kuchora chochote ndani ya pete, dhahabu haikatai, lakini hilo neno sitaliweka kwa kubahatisha. Alinitazama kama anataka kubishana. Nyanyake ana miaka themanini na kitu. Alitaka aisome kabla ya harusi.

"Na hao wa London," akauliza, "wao lao wanajua limetoka wapi?"

Wanajua. Limeandikwa hadi mwezi.

Pete aliichukua Ijumaa. Ndani ya ukanda kuna herufi mbili za kwanza za majina yao na mwaka, nimezisogeza upande mmoja. Upande wa pili nimeacha pakavu, panatosha herufi sita. Dalali mwingine, wa Arusha, ameahidi kuniulizia kwa watu wake.